Mwaka Ambao Kijiji Kilidhani Ninafunga

Habari ya kifo cha Mama Bitondo ililetwa na msichana ambaye hakujua kwamba ameleta habari. Jina lake Sifa. Alifika hapa Mweso na shangazi yake, pamoja na watu wengine waliokimbia vita kutoka misitu ya Walikale, nasi akina mama wa kanisa tukawapa nafasi katika madarasa ya shule ya paruwasi. Nilikuwa ninagawa sabuni siku ile, na nikamwuliza swali ninalomwuliza kila mtu atokaye upande ule: je, anakijua kijiji kilicho kando ya mto Lowa, chenye kanisa la udongo na mchikichi uliokatwa kichwa na radi? "Njo kwetu, Mama," akasema. Ndiko kwao! Moyo wangu ukaruka. Nikamwuliza kama Mama Bitondo angali hai. "Yule mama mwenye kusema na sauti ya nguvu? Alikufa, Mama, mbele ya mvua kuanza. Alikuwa mukubwa sana." Alisema hivyo kama mtu asemavyo kwamba daraja fulani limekatika, kisha akanyoosha mkono apokee sabuni yake. Nilimpa. Nikaendelea kugawa mpaka kartoni ikaisha, kwa kuwa Mungu hatupi kila mara nafasi ya kulia wakati tunapoihitaji, na watu walikuwa bado wamesimama kwenye mstari.

Siku zilizofuata nilimwona Sifa mara kwa mara, amekaa penye kizingiti cha darasa, amejifunika kikwembe mpaka shingoni kwa sababu ya baridi yetu ya milimani. Wenzake walikuwa wanatafuta kuni, wanagombania zamu ya bomba, wanacheka hata. Yeye alikuwa anatazama ukungu. Maziwa tuliyomletea yaliganda kikombeni. Na asubuhi moja, mama mmoja wa kwaya aliniambia kwa sauti ya chini, yenye heshima, "Mama Yudita, ule mutoto wa Walikale iko nafunga. Ni muombaji. Haguse hata kirai moja." Hata kiazi kimoja. Nilisikia baridi ambayo haikutoka mlimani. Neno hilo nalijua. Neno hilo lilikaribia kunizika nikiwa na umri kama wa Sifa, na aliyelitoa shingoni mwangu ni yule mama wa sauti ya nguvu ambaye sasa amelala chini ya udongo mwekundu wa Walikale. Ndiyo sababu ninaandika juu ya mwaka ule. Sitasimulia nani alinizaa wala ng'ombe wetu walikuwa wangapi. Inatosha kusema kwamba nililelewa Mushaki, kwenye nyumba ambamo kitu cha kwanza ambacho pua ilikutana nacho asubuhi ni moshi wa majani yanayofukizwa ndani ya vibuyu vya maziwa, na kwamba niliolewa na mwinjilisti kijana aliyeitwa Zakaria, marehemu mume wangu, ambaye kabla ya mvua mbili kupita alitumwa na kanisa kwenda kulitumikia kundi dogo la msituni.

Nchi ilikuwa ingali inaitwa Zaire. Tulipanda lori lililobeba viazi mpaka mahali ambapo barabara ilikufa, tukaendelea kwa miguu. Kwetu Mushaki jicho hukimbia: linashuka bondeni, linapanda kilima cha pili, na ukifungua mlango jioni unauona mlima wa moto ukivuta moshi wake kama mzee mwenye kiko. Msituni jicho langu lilitembea hatua chache likagonga mti. Nyumba ya mwinjilisti ilikuwa na vyumba viwili vya udongo na paa la majani mapana, ambayo mvua ilipoyapiga hatukuweza kusikiana hata kwa kupaaza sauti. Ndani kulikuwa giza hata mchana. Nilipotandika mkeka wangu, nilitafuta mahali pa kutundika kibuyu changu, kile nilichopewa nilipoolewa, nikapigilia msumari ukutani karibu na kitanda. Zakaria alinitazama akacheka kidogo. "Yudita, hapa hakuna ng'ombe hata moja." Nilijua. Nikakitundika.

Walitupokea vizuri mno. Hilo lazima niliseme, maana sina neno baya juu ya watu wale. Waliimba njia nzima kuanzia mtoni, wakaleta kuku aliyepikwa kwa mawese, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa moshi, viwavi waliokaangwa, ndizi zilizopondwa zikawa laini kama mkate. Nilikula kila kitu kidogo kidogo, nikashukuru. Wiki za kwanza nilijiona mwenye nguvu; nilifagia uwanja wa kanisa, nikajifunza majina. Watu husema mshtuko huja siku ya kwanza. Kwangu haukuja siku ya kwanza. Ulikuja baada ya nyimbo kwisha, wageni walipoacha kuwa wageni, nilipoelewa kwamba kesho ni kama leo na mti ule utakuwa palepale. Nilianza kuamka kabla ya jogoo, moyo ukipiga kama wa mtu aliyekimbizwa, na sikuwa nimeota chochote. Kisha mikono ilichoka. Kikapu nilichokibeba juzi kikawa kizito. Nilisahau maneno ya Sala ya Bwana katikati, mimi niliyeifundisha Mushaki, nikawa ninachezesha midomo tu wengine wakisema. Na harufu ya mawese, ambayo ilikuwa ndani ya kila sufuria ya kijiji, ikaanza kunifunga koo. Nilipotia tonge mdomoni lilikaa pale kama udongo. Kazi moja tu niliifanya kwa moyo: kila asubuhi Zakaria akishatoka, nilishusha kibuyu, nikakiosha, nikawasha majani makavu, nikakifukiza ndani, nikaweka pua yangu mdomoni mwake. Kwa pumzi ile moja nilikuwa nyumbani. Kisha nilikirudisha kwenye msumari, kitupu, na siku ikaanza kunilemea.

Shemasi Paulo ndiye aliyeona kwanza kwamba sili. Alikuwa mzee mwembamba, mcha Mungu wa kweli, aliyelichunga kanisa lile miaka mingi bila mchungaji. Alikuja kutuamkia, akaona sahani yangu haikuguswa, akaona na ya jana. "Mama Mwinjilisti," akaniuliza kwa upole, "unafunga?" Hapa msomaji asiyetoka kwetu anisikilize. Katika nyumba za wafugaji nilikolelewa, kuzungumza juu ya kula ni aibu, na kwa bibi arusi mbele ya mzee ni aibu mara mbili. Mtu anasema amekunywa maziwa. Hasemi ana njaa, hasemi hana njaa, hasemi chakula hiki kinanishinda. Anainamisha macho. Niliinamisha macho. Lakini msituni, na hasa kwa mkristo aliyeyajua maandiko vizuri kama Shemasi Paulo, anayefunga ndiye asiyejitangaza. Ukimya wangu ulikuwa jibu. Nilimwona akivua kofia yake.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama akawaambia watu kwamba Mungu amelitembelea kanisa lao dogo: mke wa mwinjilisti, kijana hivi, ameingia katika kufunga kwa ajili yao. Akawaomba wamsaidie. Wasimletee chakula kumjaribu. Wasipike vitu vya harufu karibu na nyumba yake. Zakaria, aliyekaa mbele, aligeuka akanitazama, na usoni mwake niliona fahari na mshangao, maana hata yeye alikuwa hajui, na akadhani nimemficha kwa unyenyekevu. Alinizidi miaka michache tu. Kila juma alikuwa anatembelea matawi ya mbali ya kanisa, anarudi na miguu imevimba. Mtu akiwa amechoka hivyo, na akaambiwa kwamba kitu kinachomtia hofu nyumbani kwake ni utakatifu, ataacha kuogopa. Ataona amepumzishwa.

Ndivyo upendo wa kijiji ulivyonizunguka kama ukuta. Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia ya mtoni, na ukuta wa udongo hauzuii maneno. Nikiwa nimelala mchana nilisikia akina mama wakipita. "We, funika ile sufuria. Mama iko nafunga." "Nimefunika." "Harufu inatoka. Pitia huku nyuma." "Niko na mimba, mama, unanipitisha kwenye matope?" "Yeye anafunga juu ya mimba yako, weye unalilia matope." Mara moja nilimsikia mwanamume mmoja akicheka: "Miye nikifunga tu mpaka saa sita, ninaona hata mbuzi ya Shemasi iko inanuka chumvi." Wakamnyamazisha. Miguu ikapita, ikaacha kimya. Hakuna aliyegonga mlango. Waliokuja walisimama nje, wakaacha maombi yao hewani: mmoja mtego wake haukamati, mwingine mume hatoki machimboni. Mama mmoja alinikuta kizingitini na mtoto mwenye homa kali, akamweka magotini pangu. Nilimwekea mkono kwa kuwa sikujua jambo lingine la kufanya. Homa ikashuka. Tangu hapo nilipigwa kufuli. Ningewezaje kusema kwamba sikufunga, na mtoto wa mtu anacheza uwanjani? Nikila, nitakuwa nimemnyang'anya Mungu. Nisipokula, basi. Vikwembe vikaanza kuteleza kiunoni. Nilipoenda kuteka maji niliutazama mto kwa namna ambayo mtu aliyebatizwa hapaswi kuutazama, na niliona kwamba maji yale yangekuwa baridi, kama ya kwetu, na kwamba huko chini hakuna anayeomba kitu. Ninaandika hili wazi ili asomaye na ambaye amewahi kuutazama mto hivyo ajue kwamba mwenzake alirudi na ndoo yake.

Mama Bitondo alikuwa mke wa pili wa mwindaji. Kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kwenye meza ya Bwana, na kila Jumapili, watu wasiokubaliwa mezani walipoombwa kutoka, alitoka, akaenda zake jikoni. Matangazo yalisomwa baada ya hapo. Kwa hiyo mtu pekee katika kijiji kizima ambaye hakusikia tangazo la Shemasi Paulo alikuwa yeye. Asubuhi moja alisukuma mlango bila kubisha, mrefu, mikono myeupe kwa unga wa muhogo, akaweka mbele yangu bugali na samaki. "Nimesema huyu Mama Mwinjilisti kila siku mulango unafungwa, iko nini ndani, dhahabu?" Akanitazama. Akanitazama tena. "Ee. Uko na mimba?" Nikatikisa kichwa. "Bwana yako anakupiga?" Nikatikisa kichwa. "Basi kula." Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia siku nyingi, kwamba watu wanasema ninafunga. Alikaa chini, akamega bugali yangu mwenyewe, akaila. "Batu banasema. Na weye, unasema nini?" Alimaliza samaki wangu bila haraka, akalamba vidole, akatoka. Kesho yake alirudi. Nilijua kwamba wengine walikuwa wamemweleza tangazo, kwa sababu nilisikia ugomvi njiani. "Shemasi alisema hapana." "Shemasi alininyima meza yake. Na weye unataka kuninyima meza ya huyu?" Akaingia, akaweka sahani, akala, akanisimulia uchafu wote wa kijiji, nani kaiba kuku wa nani, akacheka peke yake. Hakunibembeleza. Mara nyingine nilitamani aondoke. Aliporudi nyumbani kwake nilikuwa ninasikiliza kama hatua zake zinarudi.

Siku moja alikiona kibuyu. Alikishusha kwenye msumari, akakinusa, akakunja uso. "Hii inanuka moto. Inafanya nini?" Nikasema ni ya maziwa. "Maziwa iko wapi?" Alikizungusha mikononi, akasema ni kizuri, atakichukua kidogo. Sikuweza kukataa, kwetu bibi arusi hakatai mkubwa. Siku mbili tatu nilikaa na msumari mtupu. Sikuwa na kitu cha kuamkia. Kisha akaja, uso unang'aa, amekibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, na mdomo wa kibuyu ulikuwa umezibwa kwa jani la ndizi. Kwao, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ni kama kumtakia njaa. Alikuwa amekijaza mawese mapya, ya kwanza kukamuliwa, mekundu, yale ambayo mwindaji wake mwenyewe alikuwa ameyaomba akanyimwa.

Mtu wa maziwa atajua. Kibuyu kilichotiwa kitu kingine hakirudi tena kuwa cha maziwa. Unaweza kukiosha mwaka mzima, unaweza kukifukiza mpaka kipasuke, harufu ya kwetu haitakaa ndani yake tena. Nilivuta lile jani, nikaona mafuta, na kitu kilichokuwa kimelala ndani yangu kwa miezi kikasimama. Nilipiga kelele. Nilimwambia ameua kibuyu changu. Nilimwambia hawajui kitu, watu wasio na ng'ombe, wanaotia mafuta katika kila kitu mpaka katika chai. Kwamba chakula chao kinanikaba, mvua yao inanipigia kichwa, miti yao inaninyima hewa. Kwamba sikuomba kuletwa hapa, kwamba sifungi, sijawahi kufunga, sili kwa sababu siwezi, ninataka kwetu, ninataka kuona mbali. Nililia mpaka nikatapika maji matupu. Yeye alibaki amesimama, kibuyu mkononi, uso umemshuka. Nilidhani ataondoka na hatarudi. Alikaa chini. "Kumbe," akasema polepole, "njo vile. Nimeharibu kitu yako. Pole." Kisha nikaona bega lake linatikisika, na nilidhani analia. Alikuwa anacheka. "Miezi yote tunakuita mutakatifu. Kumbe mutakatifu iko na matusi hivi." Na mimi, machozi na kamasi usoni, nilicheka. Ilinishtua, sauti ile. Aliniletea maji ninawe, akaenda nyumbani kwake, akarudi na kirai kimoja alichokuwa amekibadilisha na wachuuzi wa milimani, kimechemshwa bila kitu, bila mafuta. Nikakila chote.

Zakaria alirudi jioni ile kutoka safarini, nami nikamwambia. Lilikuwa jambo gumu kuliko kumwambia Bitondo, kwa sababu mwaka ule ulikuwa wa kupimwa kwake, na wazee wa kanisa wangeandika kama anafaa kuwekewa mikono awe mchungaji. Alisikiliza ameshika viatu vyake mkononi. "Watasema tumewadanganya," akasema. Nikamwambia, "Sikusema neno." "Ninajua. Njo hiyo." Kisha akauliza swali ambalo ningalimpenda kwa ajili yake hata kama asingalinifanyia jema lingine maishani: "Mto. Umewahi kuufikiria mto?" Nikainamisha macho. Safari hii alijua kusoma macho yangu. Akaviweka viatu chini, akanishika kichwa.

Jumapili hakuhubiri somo lililopangwa. Alihubiri juu ya nabii Elia aliyekaa chini ya mti akaomba afe, na jinsi malaika alivyomjia bila kumkemea, bila kumwambia aombe zaidi. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamletea tena. Kisha akasema: "Wapenzi, bibi yangu hafunge. Alihamishwa mahali moyo wake haijafika bado. Anagonjwa ya kukumbuka. Musimuheshimu na njaa tena. Mumuletee chakula." Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, karibu na Bitondo, ambaye hakuwa ametoka ingawa wasiokubaliwa mezani walikuwa wameshaombwa kutoka, na hakuna aliyemtoa. Yule mama wa mtoto wa homa alisimama. Sauti yake ilikuwa chungu. "Basi nani alimuponesha mutoto yangu?" Zakaria akasema, "Mungu, mama. Hata bila njaa ya bibi yangu." Hakuridhika, alimbeba mtoto akatoka, na hakunisalimia tena mpaka tulipohama. Ninamwelewa. Nilikuwa nimemwondolea kitu. Kisha Shemasi Paulo akasimama, kofia mkononi, mzee yule, akasema mbele ya wote, "Kumbe tulikuwa tunaua mama yetu na heshima." Akaketi, akafunika uso.

Walileta chakula mpaka ilichekesha. Sufuria zilipanga mstari mlangoni, na sikuweza kula hata robo. Bitondo alikuwa anazionja moja moja na kutoa hukumu. Lakini nisiwadanganye wasomaji wangu kwamba nilipona siku ile. Sufuria hazimfikishi mtu nyumbani. Kwa wiki nyingi niliendelea kuamka na moyo unakimbia. Tofauti ilikuwa kwamba sasa mtu alijua. Bitondo alikuwa anakuja kunichukua asubuhi, saa ile niliyozoea kukifukiza kibuyu, akaniweka kwenye kinu kutwanga sombe, na nilipolegea alinitania: "Twanga, binti wa ng'ombe, hii haina pembe." Siku nyingine nilitwanga nikilia, na wanawake wengine wakaendelea kutwanga pamoja nami bila kuniuliza, na mpigo haukukatika. Alinionyesha kilima kidogo nyuma ya mashamba, kilichoungua, ambapo ukipanda juu ya jiwe unaona mbali kidogo. Si mbali kama kwetu. Nilipanda kila nilipozidiwa. Na jioni moja, ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka, nilijikuta nimemaliza sahani ya sombe yenye mawese bila kufikiri, nikiongea. Niliduwaa nikitazama sahani. Bitondo aliona, akatazama pembeni.

Tulihamishwa mwaka huohuo ulipokwisha. Zakaria hakuwekewa mikono mpaka miaka mingi baadaye. Wazee waliandika kwamba nyumba yake ina udhaifu. Hakulalamika hata mara moja. Nilipofika Mushaki na kibuyu changu chekundu, mama yangu alikinusa akasema, "Hiki kimekufa, kitupe." Sikukitupa. Barabara ya Walikale ikaja kufungwa na vita, ikafunguliwa, ikafungwa, na salamu zangu kwa Bitondo zilipita midomoni mwa wachuuzi, nyingine zikafika. Sikumwona tena.

Juzi mwanasaikolojia kijana wa hospitali alikuja kusema na akina mama wa kanisa chini ya turubai. Alitueleza kwamba kuna mtu ambaye, baada ya badiliko kubwa, kuhama, ndoa, msiba, kupoteza mali, anashindwa kulizoea: usingizi unakatika, chakula kinamshinda, analia au anakasirika kupita kiasi, kazi ndogo inamlemea, na hayo huanza katika miezi ya kwanza. Kwa Kifaransa wanaita *trouble d'adaptation*. Alisema si wazimu, si pepo, wala si upungufu wa imani. Wengi hupona taratibu wakiwa na watu wa kuwasikiliza na kazi ya kufanya. Lakini akianza kutamani kufa, au miezi ikipita bila nafuu, aletwe hospitali mara moja, asiachwe peke yake. Nilikaa pale, bibi kizee, nikapewa jina la mwaka wangu. Ninamshukuru Mungu kwa jina hilo. Ninamshukuru zaidi kwamba kabla ya jina alinipa mtu.

Baada ya hapo nilikwenda sokoni, nikanunua mawese yanayoletwa kutoka Walikale katika vidumu vya njano. Nilishusha kibuyu kutoka msumarini, nikakijaza. Nilitwanga sombe mwenyewe, mikono yangu ikiuma, nikapika, nikamimina mawese mbele ya macho ya Sifa ili aone yanatoka wapi. Mama wa kwaya alinivuta nguo: "Mama Yudita, unamukatisha maombi yake." Nikamwambia nitabeba dhambi hiyo. Nikaketi kizingitini karibu na msichana, nikaanza kula sahani yake mwenyewe, polepole. Nikamsimulia juu ya mama mmoja wa sauti ya nguvu aliyeniletea mafuta haya. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukatufikia miguuni. Nilijiambia kwamba kesho asubuhi nitampeleka kwa yule kijana wa hospitali, na kesho kutwa nitarudi hapa na sufuria.

Kisha akanyoosha kidole, akachovya kwenye mchuzi, akaonja. Uso wake ukakunjamana.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kukwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, "hii mawese ni ya zamani. Kwetu hatuwezi kula hii."

"Ni mbaya?"

"Mbaya kabisa. Na sombe haikutwangwa muzuri. Nani alikufundisha?"

Nilimsogezea sahani. "Niambie yote," nikasema. "Niambie vile kwenu munaifanya."